Mwongozo wa matumizi ya kompyuta na mtandao ofisi ya usharika: uandikwe vipi ili ufuatwe?

katibu_wa_usharika (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Baraza la wazee limeagiza uandikwe mwongozo wa matumizi ya kompyuta na intaneti kwa watumishi na wanaojitolea. Hali ilivyo sasa: kompyuta ni sita, yaani mbili za uhasibu, ya katibu muhtasi, laptopu ya mchungaji, ya idara ya watoto na vijana, na ya kurushia ibada. Intaneti ni ya faiba, Mbps 20, na ruta ni ile iliyofungwa na mtoa huduma. Waifai ni moja na neno la siri ni moja. Wanalo wanakwaya, walinzi, mafundi wa muziki na wapangaji wa fremu za nje. Kompyuta ya muhtasi hutumiwa na watu wanne kwa akaunti moja isiyo na neno la siri. Jumapili ibada ikirushwa mubashara, picha inakwama.

Mfano tuliopewa ni wa shirika la nje, kurasa 14, na unakataza matumizi binafsi yote. Naomba wenye uzoefu: tuanzie wapi, tukataze nini hasa, na sheria ya nchi inatudai nini? Tuko Tanzania.

---

fundi_ruta

Amina mtumishi.

Kabla ya kuandika katazo hata moja, ondoeni akaunti ya pamoja. Kifungu cha "mtumishi atawajibika kwa kilichofanyika kwenye akaunti yake" hakimshiki mtu pale watu wanne wanapoingia kwa jina moja. Folda ya vyeti vya ubatizo ikifutwa, atashukiwa aliyekuwa zamu, hata kama hakugusa kitu. Kila mtu apewe akaunti yake, na iwe ya mtumiaji wa kawaida. Akaunti ya msimamizi ibaki moja kwa kila kompyuta, itumike kusakinisha programu tu, na neno lake la siri lifungwe kwenye bahasha ndani ya kasiki ya hazina. Faida yake ni kubwa: programu hasidi inayofunguliwa na mtumiaji wa kawaida inashindwa kuingia kwenye mafaili ya mfumo au kuzima antivairasi kwa wepesi.

Maneno ya siri yawe na herufi 14 au zaidi, ikiwezekana maneno manne yasiyohusiana. Kwa ofisi za kanisa nasisitiza jambo moja: msitumie Yohana316, Zaburi23, wala jina la usharika na mwaka. Hayo ndiyo mtu anayewafahamu atajaribu kwanza. Skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika 5, na mtu akiinuka abonyeze Windows na L.

Sasa mtandao. Ruta ya mtoa huduma iacheni ilivyo, nyuma yake fungeni ruta inayoweza kugawa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya ruta moja. Ruta ndogo ya MikroTik inatosha kabisa kwa ofisi ya ukubwa huo. Gaweni mitandao mitatu:

VLAN 10, ofisi: kompyuta za watumishi na printa.
VLAN 20, wageni: simu zote, zikiwemo za watumishi.
VLAN 30, ibada: kompyuta ya kurushia, projekta, mikisa ya sauti, kamera.

Kisha wekeni kanuni kwenye ukuta wa moto (firewall) wa ruta kwamba 20 haiioni 10 wala 30, na simu za wageni zisionane zenyewe kwa zenyewe. Watu husahau hiyo ya 30. Mikisa nyingi za kidijitali hazidai neno la siri kwa mtu anayeziongoza kupitia programu ya simu. Simu yoyote iliyo kwenye mtandao huo inaweza kushusha sauti ya mimbari katikati ya mahubiri, hata kwa bahati mbaya, mtoto akichezea simu ya mzazi.

Kuchuja tovuti chafu, tumieni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) ya familia: 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Kwenye MikroTik nendeni IP, kisha DNS, wekeni namba hizo na muwashe "Allow Remote Requests". Mkishaiwasha, fungeni bandari 53, mlango wa maombi ya DNS (UDP na TCP), kwa maombi yanayotoka upande wa intaneti. Mkiiacha wazi, ruta yenu itatumiwa na watu wa nje kushambulia wengine, na dalili mtakayoiona ninyi ni intaneti kuwa nzito bila sababu. Baada ya hapo elekezeni maombi yote ya bandari 53 ya ndani yaende kwenye ruta, ili aliyejiwekea DNS nyingine kwenye kompyuta naye apite kwenye chujio. Fungeni na bandari 853, inayopitisha DNS iliyosimbwa. Mwenye VPN (programu inayoficha mawasiliano yake) bado atapita, kwa hiyo chujio halitoshi bila kanuni ya maandishi. Kazi yake kubwa ni kumkinga aliyebofya kiungo asichokijua.

Andikeni pia kwamba ni marufuku kuchomeka ruta au kirudia waifai chochote bila idhini. Kosa la kawaida ni mtu kuleta ruta ya nyumbani na kuingiza kebo kwenye tundu lake la LAN (la mtandao wa ndani). Ruta hiyo inaanza kugawa anwani zake, nusu ya ofisi inapata 192.168.0 badala ya 192.168.10, na ghafla "printa imepotea". Mkiona hivyo, fungueni dirisha la amri, andikeni ipconfig, mtazame mstari wa Default Gateway. Ukionyesha anwani ambayo si ya ruta yenu, fuateni kebo moja moja mpaka mkikute hicho kifaa.

---

mhasibu_wa_dayosisi

Naongezea upande wa hazina, maana mwongozo mwingi huandika kurasa tatu za ponografia na mstari mmoja wa fedha, ilhali hasara huanzia kwenye fedha.

Kompyuta za uhasibu zisichomekwe flashi ya mtu yeyote. Kwaya huleta ala za nyimbo kwenye flashi zilizopita stoo za muziki na vituo vya uchapaji, na zinakuja na kirusi kile kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Tengeni kompyuta moja ya kupokelea flashi, iwe ile ya ibada, si ya fedha. Flashi ikiwa na tatizo hilo, usibofye njia ya mkato hata moja. Fungua dirisha la amri na uandike (kama flashi ni E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitaonekana. Futa faili zote za .lnk (njia za mkato) na za .vbs (kirusi chenyewe), nakili kilicho halali, kisha uifomati flashi. Watu wengi hurudisha folda tu, wanaacha ile .vbs, na kesho yake tatizo limerudi.

Malipo. Mwongozo useme hivi: mabadiliko ya akaunti ya benki au namba ya simu ya mzabuni hayakubaliwi kwa baruapepe wala WhatsApp, mhasibu ampigie mzabuni kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu awali, si ile iliyo kwenye ujumbe. Anayeandaa malipo mtandaoni asiwe anayeidhinisha, na kifaa cha kuidhinishia au simu inayopokea namba za siri za benki isikae kwenye droo ya mwandaaji. PIN ya simu ya sadaka isijulikane na mtu mmoja peke yake, na laini isajiliwe kwa jina la taasisi. Laini iliyosajiliwa kwa NIDA ya mtumishi ni yake machoni pa kampuni ya simu, hata kama fedha ni za usharika. Akiondoka kwa ugomvi mtahangaika sana.

Halafu wapo matapeli wanaoweka picha ya mchungaji kwenye WhatsApp na kuwaomba washarika fedha za dharura. Dawa yake iko ndani ya mwongozo: namba za sadaka ni zile tu zilizochapwa kwenye karatasi ya matangazo, na zikibadilika hutangazwa ibadani kabla ya kuandikwa kwenye kundi lolote. Washarika wakizoea hivyo, ujumbe wa tapeli utajionyesha.

Nakala rudufu: diski za nje mbili zinazobadilishana kila Ijumaa, moja ikae nje ya jengo. Diski isiachwe imechomekwa wiki nzima, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha hufunga pia kila diski kinachoikuta. Na kila miezi mitatu rudisheni faili moja la hesabu kutoka kwenye nakala, mlifungue mwone kama linasomeka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa msiihesabu.

Programu zilizovunjwa leseni zikatazwe wazi, zikiwemo vile vifaa vya "kuamsha" Windows na Office. Ili viweze kufanya kazi vinadai kwanza uzime antivairasi, na hapo ndipo vinapoacha programu ya kunasa maneno ya siri. Kama bajeti ni ndogo, LibreOffice inafungua barua na majedwali ya kawaida, na OpenLP inaonyesha nyimbo na maandiko bila gharama. Kumbukeni pia Windows 10 imeacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya benki mtandaoni iwe ya kwanza kuhamishwa.

---

wakili_wa_taasisi

Kwa Tanzania, kuna sheria mbili na kanuni moja ambazo mwongozo wenu lazima uzitazame.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kanisa haliko pembeni ya jambo hili. Imani ya mtu, afya yake, taarifa za watoto na miamala yake ya fedha vyote viko kwenye kundi la taarifa nyeti. Sasa tazameni kompyuta ya muhtasi: daftari la ubatizo na kipaimara, namba za bahasha na ahadi za kila msharika, orodha ya wagonjwa wa kuombewa, barua za mashauri ya ndoa. Karibu kila folda ni nyeti. Kwa hiyo mwongozo utaje nani anaona nini. Mwalimu wa Shule ya Jumapili hana haja ya jedwali la ahadi, na mhasibu hana haja ya mafaili ya mashauri ya ndoa.

Maombi ya wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp yaangaliwe kwa upole lakini kwa uthabiti. Kuandika "tumwombee mama fulani, amelazwa kwa ugonjwa fulani" kwenye kundi la watu 300 ni kutangaza afya yake. Mwongozo useme: jina hutajwa kwa ridhaa ya mgonjwa au familia, ugonjwa hautajwi. Picha za watoto, ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi na isiambatane na jina kamili wala shule.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na pia kuendelea kubaki au kuutumia baada ya muda wa idhini kwisha. Ndiyo maana idhini lazima iwe na mwanzo na mwisho ulioandikwa. Aliyemaliza utumishi akiendelea kufungua baruapepe ya ofisi, mtajenga hoja vizuri zaidi mkiwa na karatasi inayosema idhini yake ilikoma siku gani.

La tatu ni Kanuni za Utendaji Bora katika ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Mkimwachisha mtu kazi kwa kuvunja kanuni, mtaulizwa kama kanuni ilikuwepo, ilikuwa wazi na ya haki, aliijua, na imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo. Hapo ndipo katazo la "matumizi binafsi yote" linapoanguka. Kila mtu ofisini humjibu mwanawe WhatsApp, akiwemo mwenyekiti. Siku mtakapomwadhibu mmoja kwa jambo linalofanywa na wote, mmeshapoteza shauri, na pia mmemtendea ndugu yenu isivyo haki. Ruhusuni matumizi binafsi ya kiasi, kisha mkataze machache kwa majina yake. Mfano wa maneno:

"Mtumishi anaweza kutumia intaneti ya ofisi kwa mambo binafsi wakati wa mapumziko, mradi hayacheleweshi kazi wala kuligharimu kanisa. Hairuhusiwi: kutazama au kuhifadhi picha za ngono, kubeti, kupakua filamu na programu zisizo na leseni, kufanya biashara binafsi kwa kompyuta, karatasi au wino wa ofisi, kufanya kampeni za kisiasa kwa akaunti, baruapepe au nembo ya kanisa, kufungua akaunti ya mtu mwingine kwa neno lake la siri, hata kama amekupa."

Kurasa mbili kwa Kiswahili zinatosha. Zisomwe baada ya sala ya asubuhi, watu waulize maswali, kila mmoja asaini nakala mbili na abaki na yake. Wanaojitolea wasaini pia. Mtu wa mitambo asiyelipwa ana uwezo mkubwa kwenye mifumo yenu kuliko watumishi wengi wenye mkataba.

---

mitambo_nairobi

Salamu kutoka Kenya. Huku Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na data binafsi ikifikiwa na asiyeruhusiwa kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anafaa kuarifiwa ndani ya saa 72. Hata kama kwenu utaratibu ni tofauti, wekeni kifungu cha laptopu iliyoibwa: mtumishi aripoti siku hiyo hiyo, na asiadhibiwe kwa kuripoti. Watu hukaa kimya siku nne kwa kuogopa kukatwa mshahara, na siku hizo nne ndizo mwizi anazohitaji.

Kuhusu picha kukwama, Mbps 20 mnazotangaziwa mara nyingi ni za kupakua. Pimeni kasi ya kupakia, na mpime Jumapili saa nne asubuhi kanisa likiwa limejaa, si Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu. Picha ya 720p hutaka kama Mbps 4 za kupakia zisizoyumba. Kwa ibada ya saa mbili hiyo ni karibu GB 3.6. Tengeni Mbps 6 kwa VLAN 30, na wageni wote kwa pamoja wasizidi Mbps 5. Kompyuta ya kurushia iunganishwe kwa kebo. Waifai ndani ya kanisa lenye simu 400 haitabiriki. Kebo moja ya Cat5e isizidi mita 100, na isilazwe sambamba na nyaya za umeme za spika. Kwenye OBS (programu ya kurushia video) wekeni kiwango cha data kisichobadilika (CBR) na fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2. Masasisho ya Windows yasimamishwe kuanzia Jumamosi jioni na kurudishwa Jumatatu. Kurudisha kuandikwe kwenye kazi za mtu fulani kwa cheo chake, la sivyo kompyuta itakaa mwaka mzima bila sasisho.

---

katibu_wa_usharika

Nawashukuru sana wapendwa. Yamebaki mawili ambayo wazee wameuliza. Moja, wanataka mchungaji kiongozi aweze kuona kila mtumishi anafungua nini. La pili, ukurasa wa Facebook na chaneli ya YouTube vilifunguliwa na kijana mmoja kwa akaunti yake binafsi, naye anahamia mkoa mwingine kimasomo.

---

fundi_ruta

La kwanza, waambieni wazee ukweli wa kitaalamu kwanza. Tovuti karibu zote siku hizi zimefungwa kwa HTTPS (usimbaji wa mawasiliano), hivyo ruta huona jina la tovuti, saa na kiasi cha data. Haioni ujumbe wala ukurasa wenyewe. Kuona zaidi ya hapo kunahitaji kupandikiza programu ya upelelezi kwenye kompyuta, na programu hiyo itanasa maneno ya siri ya benki na mafaili ya ushauri wa kichungaji pamoja na mengine yote. Siishauri hata kidogo.

Pia ni vibaya kumbukumbu hizo kufunguliwa na mchungaji peke yake. Mtumishi anayesoma usiku kuhusu madeni, VVU au ndoa inayovunjika anapaswa kuwa huru kumwendea mchungaji huyo huyo kuungama na kushauriwa. Akijua kila asubuhi anasomwa, hatakwenda. Andikeni: kumbukumbu za ruta zinahifadhiwa siku 60 kisha zinafutwa, zinafunguliwa pale tu penye malalamiko ya maandishi, wanafungua watu wawili, mwenyekiti wa kamati ya utumishi na msimamizi wa mtandao, na mhusika anaarifiwa. Penye dalili ya unyanyasaji wa mtoto, msifute, msinakili, msisambaze. Tenganisheni kompyuta na mtandao, ifungiwe mahali salama, na polisi waitwe.

Laptopu ya mchungaji ifungwe kwa BitLocker, usimbaji wa diski unaopatikana kwenye Windows Pro, na ule ufunguo wa tarakimu 48 uchapwe uwekwe kwenye kasiki. Bila ufunguo huo, ubao mkuu ukiharibika, kila kilichomo kimepotea.

---

mitambo_nairobi

Kuhusu kijana: lishughulikieni akiwa bado yupo na mnapatana. Facebook, wekeni wasimamizi wawili wenye udhibiti kamili kabla ya kumwondoa yeye. Ukurasa ukiwa na msimamizi mmoja, naye akapoteza simu yake, kuurudisha ni kazi ngumu. YouTube, kama chaneli imefungwa kwenye akaunti yake binafsi ya Google, tazameni kama ni akaunti ya chapa (Brand Account), inayoweza kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja. Ikiwa ndiyo, anamwongeza mtu kama mmiliki, mnasubiri siku 7, kisha mnamfanya mmiliki mkuu. Ikiwa siyo, na hataki kuachia akaunti yake binafsi, fungueni mpya kwa baruapepe ya ofisi, na mthibitishe namba ya simu mapema, kwa sababu ruhusa ya kurusha mubashara kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Mkiithibitisha Jumapili asubuhi, hamtaweza kurusha ibada siku hiyo.

Baruapepe iwe ya cheo, mfano mitambo@ na jina la usharika, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na namba za dharura za kuingilia zichapwe. WhatsApp ya ofisi nayo iwekewe ile PIN ya tarakimu sita. Anayepiga simu kuomba "namba sita zilizokuja kwa makosa" asipewe, hata akijitambulisha kuwa anatoka dayosisi.

Siku mtu anapoondoka, katibu awe na karatasi moja ya kutia alama: akaunti ya kompyuta imefungwa, neno la siri la waifai ya ofisi limebadilishwa, amejiondoa kwenye ukurasa na chaneli, amerudisha funguo na diski, jina lake limeondolewa benki. Wasaini wote wawili, na tarehe iandikwe, maana ndiyo ile tarehe aliyoizungumzia wakili hapo juu.